Ufunguo wa Zizi la Mbuni

Wengi wenu mlioajiriwa juzi mlinikuta langoni nikichana tiketi, mkadhani nilizaliwa pale. Kabla ya tiketi nilitunza mbuni kwa miaka ishirini na kitu. Pale mlipoweka meza za wageni na friji ya aiskrimu, karibu na seng'enge inayotazama ziwa, palikuwa na zizi lao. Hakuna kibao kinachosema hivyo. Meneja wa sasa, ambaye sina ugomvi naye, ameniomba niandike kumbukumbu zangu "za kuwatia moyo vijana." Nitaandika. Ya kutia moyo atafute kwa mwingine.

Niliingia kazini hapa bustanini nikiwa mjane wa mwaka mmoja, na watoto watatu niliowaacha kwa mama yangu nje kidogo ya Katito. Nilichukuliwa kufagia. Siku ya tatu wakanipa gambuti, mguu wa kushoto namba saba na wa kulia namba tisa, wakaniambia nikamsaidie Mzee Ramadhani kwenye mbuni. Aliyekuwa msaidizi wake alikuwa ameacha kazi ghafla. Hakuna aliyeniambia kwa nini, na mimi sikuuliza, kwa sababu mtu mwenye shida hachagui maswali.

Mbuni nilikuwa namjua kwa jina tu. Kwetu tunamwita udo. Babu yangu alikuwa na kofia ya manyoya yake, imetundikwa ukutani, imeliwa na nondo, na sisi watoto tulidhani ndege mwenyewe ni mkubwa kama bata mzinga. Asubuhi hiyo nilifika kwenye seng'enge, kichwa kikashuka kutoka juu, macho makubwa kama ya ng'ombe yenye kope ndefu, na kabla sijasema lolote kikang'oa kifungo cha dasti koti yangu na kukimeza. Nilikiona kikishuka shingoni polepole, kama panya anayetembea ndani ya soksi.

"Hicho usikidai," Mzee Ramadhani alisema nyuma yangu. "Kitakaa kwenye firigisi pamoja na mawe, kimsagie chakula. Lakini siku utakayodondosha msumari humu ndani, mama, utakuwa umemuua kwa mkono wako."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. Alikuwa mtu wa mtaa wa Kaloleni, Mwislamu, mwembamba, mwenye kanzu moja ya Ijumaa na ovaroli mbili za siku nyingine. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ranchi ya mbuni huko Kajiado kabla ya tajiri wetu kununua ndege wanne na kumnunua yeye pamoja nao, kama alivyopenda kusema. Hakuwa mpole. Ukikosea alikuwa anakuambia mara moja, na mara ya pili alikuwa anaifanya kazi yako yeye mwenyewe, mbele yako, bila kusema kitu, mpaka unatamani akutukane.

Alinipa zana tatu. Ya kwanza ilikuwa tawi refu la mwiba. Mbuni haogopi fimbo, lakini anaogopa mwiba machoni, kwa hiyo ukimwelekezea tawi usoni atarudi nyuma. Ya pili ilikuwa soksi ndefu iliyokatwa mbele. Unamvalisha kichwani, mdomo unatokea upande wa pili, na ndege aliyekuwa anataka kukuua dakika moja iliyopita anatulia kama mtoto aliyefunikwa blanketi. Ya tatu ilikuwa tumbo langu mwenyewe.

"Akija na hasira na huna tawi, usikimbie," alisema. "Hakuna binadamu wa kumshinda mbio. Lala kifudifudi, funika shingo na mikono. Teke lake linakwenda mbele na chini, aliyelala hampati vizuri. Atakukanyaga. Pengine atakukalia. Vumilia."

"Atanikalia mpaka lini, Mzee?"

"Mpaka achoke. Mimi nilikaliwa kutoka chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana."

Hakucheka aliposema hivyo.

Walikuwa dume mmoja na majike watatu. Dume alikuwa mweusi mwenye manyoya meupe kwenye ncha za mabawa na mkia, na kila mtu alimwita Jaduong', mzee mheshimiwa. Majike walikuwa wa rangi ya vumbi, na mimi ndiye niliyewapa majina ya wake wa boma la Kijaluo: Mikayi ndiye mkubwa, Nyachira wa pili, Reru wa tatu. Mzee Ramadhani alicheka siku hiyo kwa mara ya kwanza, na baadaye nilielewa kwa nini. Majike wote watatu walitaga kwenye kiota kimoja, shimo pana ambalo Jaduong' alilichimba kwa kifua na miguu. Lakini Mikayi aliyajua mayai yake. Aliyasogeza katikati kwa mdomo, na ya wenzake akayasukuma pembeni, mahali ambapo mvua na kunguru hufika kwanza. Wale wawili wakishataga hakuwaruhusu kukaa. Nimeishi katika maboma, sikuhitaji kuelezewa.

Msimu wa kutaga ulipokaribia, ngozi ya mbele ya miguu ya Jaduong' iligeuka nyekundu kama imepakwa rangi. Alikuwa anapiga magoti mbele ya Mikayi, anayumbisha mabawa kushoto na kulia huku shingo ikigonga mgongo wake mwenyewe. Alijaza koo hewa na kunguruma, na wageni wa Jumapili waliuliza kama tuna simba. Waliuliza pia, kila Jumapili bila kukosa, kama ni kweli mbuni huficha kichwa mchangani. Si kweli. Huinamisha kichwa kwenye kiota kugeuza mayai, na anayemtazama kwa mbali anaona mwili bila kichwa. Niliwaeleza hivyo kwa miaka yote ile, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyefurahia jibu.

Jambo ambalo nataka mlishike, kwa sababu ya yatakayokuja, ni namna wanavyopeana zamu. Mchana hukaa jike, kwa kuwa rangi yake ni ya udongo. Jua likianza kushuka dume huja, jike anainuka, na dume anakaa mpaka asubuhi, mweusi ndani ya giza. Siku arobaini na mbili hivi. Mzee alinifundisha kuandika kila kitu kwenye daftari la mayai: nani amekaa, saa ngapi, mvua, jua. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya, akanifanya nirudie kurasa nzima.

Shida yetu kubwa ilikuwa maji. Mbuni ni ndege wa nchi kavu, na tajiri alimweka kando ya ziwa, kwenye udongo mweusi unaonata, kwa sababu wageni walitaka picha yenye maji nyuma. Tulisomba changarawe na mchanga kwa wilibaro kila wiki ili vifaranga wapate mahali pakavu pa kukimbia. Kifaranga wa mbuni asipokimbia miguu yake hujipinda, na ikijipinda hakuna atakayeinyoosha. Msimu wangu wa kwanza waliangua kumi na mmoja. Wawili miguu yao ilifunguka kando kama mkasi. Niliwafunga kwa vipande vya leso kwa wiki mbili, nikiwasimamisha kila saa. Mmoja alitembea. Mwingine Mzee alimchukua nyuma ya stoo, akarudi peke yake na kunawa mikono.

"Usimpe jina ambaye hajasimama," alisema.

Tulifanya kazi hivyo miaka sita. Nikiwa naandika haya sikumbuki siku hata moja ambayo alichelewa.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka. Ilikuwa Ijumaa mchana, Jaduong' na Mikayi wakiwa na mayai ya siku thelathini na tano. Mzee Ramadhani alikuwa anakwenda msikitini kwa swala, kama kila Ijumaa, na ruhusa hiyo aliipata kwa tajiri mwenyewe siku ya kwanza. Alifunga lango la zizi, akavuta kufuli mara mbili, akanipa ufunguo mkononi.

"Huu usimpe mtu," alisema. "Dume ana mayai. Hata tajiri akija, mwambie angoje."

Haikupita nusu saa meneja wa wakati ule akaja na mgeni. Simtaji meneja huyo, alishaondoka na nchi ni ndogo. Mgeni alikuwa mtu mkubwa wa mahali fulani, mwenye viatu vya kung'aa, na alitaka kupigwa picha ameshika yai.

"Mama Achieng', leta ufunguo," meneja alisema.

"Bwana, Mzee amesema dume ana mayai. Tungoje arudi."

"Mzee ni nani hapa?"

Alinyoosha mkono. Niliangalia ule mkono, nikawaza watoto wangu watatu, nikaweka ufunguo juu yake. Nataka muelewe kwamba hakuninyang'anya wala hakunitishia. Alinyoosha mkono tu.

Walifungua lango wakaliacha wazi. Mgeni akaingia, meneja akabaki pale mlangoni na simu ya kupigia picha. Kwanza Jaduong' alifanya kile ambacho dume yeyote hufanya: alijiangusha mbali na kiota, akaburuza bawa kama limevunjika, ili adui amfuate yeye. Mgeni alicheka, akasema ndege wenu mgonjwa. Akaendelea kwenda kiotani. Mikayi aliinuka, akasogea pembeni akifoka. Mgeni akainama akachukua yai kwa mikono miwili. Hapo Jaduong' akawa hana tena bawa lililovunjika.

"Lala chini," nilipaza sauti. "Bwana, lala chini."

Alikimbia. Yai likaanguka likapasuka, na nikamwona kifaranga ndani yake, ameshaumbika, anatikisika. Teke moja lilimpata mgeni kwenye paja karibu na nyonga, na ukucha ukachana suruali na nyama pamoja. Niliingia na tawi la mwiba, nikamsukuma Jaduong' mpaka kwenye kona, meneja akamburuta mgeni nje. Mzee Ramadhani aliporudi na kanzu yake gari lilikuwa limeshaondoka kwenda hospitali. Alitazama lango, akatazama yai, akanitazama mimi.

Jumatatu niliitwa ofisini. Karatasi na kalamu zilikuwa mezani.

"Andika tu ulichokiona," meneja alisema.

"Niliona nikikupa ufunguo."

"Hukunipa ufunguo. Ulipita ukakuta lango wazi, na mwenye zamu hayupo." Alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu kitu alichosahau. "Mama, mgeni yule atashtaki. Lazima kuwe na mtu aliyekosea. Unataka awe wewe?"

Niliandika mistari minne. Kwamba nilikuta lango likiwa wazi. Kwamba aliyekuwa na dhamana ya ufunguo ni Ramadhani. Kwamba hakuwepo. Kisha jina langu na sahihi. Kati ya hiyo yote, kweli ilikuwa moja, kwamba hakuwepo, na hiyo ndiyo iliyoibeba mingine.

Walimpa barua siku hiyo hiyo, mchana. Alikusanya ovaroli yake ya pili, kikombe, na redio ndogo. Nilikuwa kwenye stoo nikikata sukuma wiki, nikijifanya nina haraka. Alisimama mlangoni.

"Kesho au keshokutwa mtaanza kusikia vifaranga wakilia ndani ya mayai," alisema. "Mkisikia, msiwasogelee tena. Waacheni na baba yao."

"Sawa, Mzee."

Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yetu.

Kesho yake asubuhi alikuja mtu na bunduki. Mgeni alikuwa ametaka ndege auawe, na meneja hakutaka mgeni akasirike mara mbili. Jaduong' alikuwa bado amekaa kwenye mayai, Mikayi hajaja kumpokea. Mwenye bunduki hakutaka kumpiga pale, kwa sababu meneja alisema mayai yana faida, yasiharibiwe. Walimrushia mawe madogo ainuke. Akalaza shingo chini juu ya udongo na hakuinuka.

Meneja akanigeukia. "Wewe anakujua. Mwite."

Nilichukua ndoo ya sukuma. Niliigonga kwa kucha mara tatu, kama nilivyofanya kila asubuhi kwa miaka sita. Aliinua kichwa, akanitazama. Aliangalia kiota, akaangalia tena ndoo, na akainuka. Alitembea kuja kwangu bila haraka, kichwa kikiwa juu, mpaka akawa hatua tano kutoka kwenye mayai, kisha kumi. Alikuwa ameshaingiza mdomo kwenye ndoo.

Sitaeleza zaidi. Ndoo ile niliitupa ziwani, na bei yake ikakatwa kwenye mshahara wangu.

Mikayi alikuja, akazunguka mahali penye damu, kisha akakaa kwenye mayai kama ilivyokuwa zamu yake. Jua liliposhuka aliinuka akasimama kando ya kiota kumngoja dume aje ampokee. Alingoja mpaka nilipofunga stoo kwenda nyumbani. Asubuhi nilimkuta kwenye kona ya mbali na wenzake, na mayai yamekuwa baridi. Akakaa tena mchana, na jioni akainuka tena. Niliyafunika kwa magunia yaliyojaa majani makavu, nikazungushia chupa za maji ya moto. Siku ya pili, nilipoweka sikio, niliwasikia. Ni sauti nyororo, kama mluzi wa mtu aliye chumba cha pili. Siku ya tatu niliwasikia wawili. Siku ya tano sikusikia mtu. Niliyavunja moja moja nyuma ya stoo na kuhesabu miguu, kwa sababu Mzee alinifundisha kwamba kila kitu huandikwa. Niliandika vifaranga kumi na nne. Kwenye safu ya sababu sikuandika kitu.

Nilipewa nafasi ya Mzee. Nilikabidhiwa ufunguo, na hakuna aliyejua zaidi yangu jinsi ulivyo mzito. Alinunuliwa dume mwingine, kijana, mwenye woga, na miaka mingi ikafuata ambayo mkisoma daftari la mayai mtaona nilifanya kazi vizuri. Niliwafundisha wasaidizi watano habari za tawi na soksi na kulala kifudifudi. Hakuna mtu mwingine aliyeumia. Kaloleni ni mwendo wa gari dakika ishirini na tano tu kutoka hapa Kisian. Sikwenda. Nikimwona mwenye kanzu sokoni nilikuwa nabadilisha njia.

Kisha ziwa likapanda. Hayo baadhi yenu mliyaona. Maji yaliingia kwenye zizi wiki kwa wiki, na mimi nikaandika barua tatu kuomba zizi lihamishiwe juu, kwenye udongo wa mchanga, mahali penye maegesho ya magari. Nilijibiwa kwamba wageni wanahitaji maegesho. Mikayi alikufa miguu ikiwa imeoza kati ya vile vidole vyake viwili. Waliobaki tuliwavalisha soksi, tukawapakia kwenye lori, wakapelekwa kwenye shamba la mtu huko juu mlimani. Sikuambiwa waliishi muda gani. Mimi nikapewa tiketi.

Siku ya kuniaga nilipostaafu mliimba, na mnajua niliwashukuru. Mkubwa mmoja alisimama akasema chini ya mkono wa Mama Achieng' haijawahi kutokea ajali hata moja, ajali pekee ilitokea kabla yake, kwa uzembe wa mtu mwingine. Mlipiga makofi. Na mimi nilikaa pale na keki mbele yangu, nikayapokea.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kaloleni. Haikuwa vigumu kumpata, niliuliza mara moja tu. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, macho yote mawili yameingia ukungu. Mke wake, Bi Zena, alinikaribisha bila kujua mimi ni nani, akaleta chai. Mzee alinijua kwa sauti.

"Mama Achieng'," alisema. "Watoto wamekua?"

"Wamekua, Mzee." Kisha nikasema yote, mfululizo, kwa kuwa nilijua nikisimama sitaendelea. Mkono wa meneja, karatasi, mistari minne.

Alisikiliza hadi mwisho. "Ile karatasi walinionyesha siku ile ile," alisema. "Mwandiko wako naujua. Si mimi niliyekufanya urudie kurasa?" Alipapasa kikombe chake cha chai. "Nilijua una watoto. Nilikasirika, kisha nikakungojea uje uniambie mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilikungoja. Wa pili pia. Baadaye nikaacha, nikasema Mungu anajua."

"Nisamehe, Mzee."

"Hilo la karatasi nimekusamehe zamani." Aligeuza uso upande wangu. "Niambie habari ya dume. Niliambiwa walimuuza Nakuru. Alitoa vifaranga huko?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu duniani ambaye angenisuta. Lakini nilikuwa nimechoka na mistari ya uongo, kwa hiyo nilimwambia. Nilimwambia kuhusu mawe, na shingo iliyolazwa chini, na ndoo, na jinsi nilivyoigonga.

"Nani aliigonga?" aliuliza.

"Mimi."

"Akaacha mayai?"

"Akaacha, Mzee. Akaja."

Aliweka mikono juu ya magoti. Kisha aliinuka, akapapasa ukuta kutafuta mlango, na nilipotaka kumshika mkono akautoa. Aliingia ndani. Tulisikia kitanda kikilia, kisha hakuna kitu.

Bi Zena alichungulia, akarudi akasimama karibu yangu. Alisema kwa sauti ya chini, bila ubaya, "Mama, akilala hivyo kuelekea ukuta haamki leo. Wewe nenda tu."

Nilikwenda tena mara mbili mwezi huu. Mara zote mbili Bi Zena alinipokea vizuri, akaniambia Mzee amelala.